Ekipe za vijana za kupanda ukuta: mutoto anafundishwa nini, na sababu gani vidole vyake vinachungwa sana

Ukuta wa metre 15 ni kama nyumba ya gorofa tano. Tarehe 8 mwezi wa munane 2024, pale Le Bourget, kandokando ya Paris, kijana wa Marekani mwenye miaka 18, Sam Watson, aliupanda kwa sekunde 4,74. Mutu mwingine hajamaliza hata kufunga kamba za kiatu kimoja. Ilikuwa rekodi ya dunia, na hata hivyo alirudia kwao na medali ya shaba: ile rekodi aliifanya katika mbio ya kutafuta nafasi ya tatu. Zahabu ilienda kwa Veddriq Leonardo wa Indonesia, ambaye katika finali alipanda kwa 4,75.

Video za mbio kama ile zinapita katika simu, na kijana anayeziangalia Bukavu, Bunia ao Kalemie anaweza kufikiri kama huu ni muchezo wa nguvu na haraka tu. Anaona sekunde tano. Haoni miaka yote ya nyuma, haoni mwenzake anayeshika kamba chini, haoni mwalimu aliyesema mara mia: leo basi, shuka. Na ile isiyoonekana njo kazi yenyewe ya ekipe za vijana.

Muchezo mumoja, namna tatu

Kwanza tutenganishe mambo, sababu milima haikosekane kwetu. Kutembea mpaka juu ya Nyiragongo, metre 3 470, ni safari ya mulima. Kufika Margherita katika Ruwenzori, metre 5 109, ni safari ya mulima pia, tena yenye barafu. Muchezo unaoelezwa hapa ni mwingine: mutu anapanda jiwe ao ukuta uliosimama wima, kwa mikono na miguu, na hakuna kitu cha kumusaidia kupanda. Kamba, kama iko, ni ya kumuokoa akianguka, haiko ya kumuvuta. Wafaransa wanasema "escalade", na hata kwetu wengi wanaujua kwa jina hilo.

Katika mashindano kuko namna tatu. Ya kwanza ni kupanda bila kamba: ukuta unapita kidogo metre nne, chini kuko matela nene, na kila njia iko fupi lakini ngumu kama fumbo. Ya pili ni kupanda na kamba kwenye ukuta murefu: mutu anapewa nafasi moja tu, dakika 6, na anayefika juu zaidi anashinda. Ya tatu ni kupanda mbio, ile ya Sam Watson. Katika mbio, vishikio vinafungwa namna moja katika dunia yote, kwa hiyo kijana wa Jakarta na kijana wa Johannesburg wanazoea njia ileile. Katika zile mbili zingine, njia inabadilishwa kila shindano, na wapandaji wanafungiwa pembeni wasione wenzao wanafanya nini. Wanapewa dakika chache tu za kuangalia kutoka chini.

Muchezo uliingia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Mushindi wa kwanza upande wa wanaume, Alberto Ginés López wa Hispania, alikuwa na miaka 18. Huko Paris 2024, Toby Roberts wa Uingereza alipata zahabu na miaka 19, na nyuma yake alikuwa Sorato Anraku wa Japani, miaka 17. Lakini wa tatu, Jakob Schubert wa Austria, alikuwa na miaka 33. Ni vizuri muzazi akamate hesabu hiyo ya mwisho pia. Mutoto hana haraka kama vile watu wanamuambia.

Masaa mawili ya mazoezi

Ufaransa ni mufano muzuri sababu kule muchezo umeingia mpaka shuleni. Shule za sekondari mingi ziko na ukuta wa kupandia ndani ya nyumba ya michezo, na mwalimu wa sport anaweza kuufundisha na kuutolea pointi kama vile anatolea pointi mbio ao kuruka. Nje ya shule kuko vilabu, na vingi vinafuata federasio ya inchi, FFME. Kilabu kinapokea watoto wa kujifurahisha, na kati yao wachache wanaingia katika ekipe ya mashindano, ambayo inafanya mazoezi mara mbili, mara tatu kwa juma. Wasichana na wavulana wako pamoja. Katika muchezo huu mutoto mwepesi wa kufikiri anamushinda mwenye mabega makubwa, na wasichana wanajua hilo mapema.

Mazoezi yanaanza chini, hayaanze juu. Watoto wanakimbia, wanacheza kufukuzana, wanazungusha mabega, kisha wanapanda njia nyepesi zenye vishikio vikubwa. Dakika ishirini zinapita hivyo. Watoto wengi hawapendi sehemu hii, wanataka ile ngumu mara moja, na mwalimu mwenye kichwa chepesi anawaachilia. Pale njo vidole na mabega vinaanza kuumia.

Kisha wanafundishwa kuanguka. Ni jambo la ajabu kwa muzazi anayefika mara ya kwanza: amelipa mutoto apande, na anakuta anafundishwa kuanguka. Kuanguka kuko na namna yake. Miguu yote mbili inafika pamoja, magoti yamekunjwa, halafu mutoto anajiachilia kwa mugongo juu ya matela, mikono imefungwa kwenye kifua. Akitupa mukono nyuma ili ajizuize, kiwiko ao kifundo cha mukono kinavunjika. Na kuko sheria moja isiyo na huruma: hakuna mutu anayepita ao kukaa chini ya anayepanda.

Nyuma ya hapo inakuja kazi ya miguu. Mutoto anayeanza anajivuta kwa mikono kama anaiba maembe, na baada ya dakika kumi mikono yake imekufa. Mwalimu anamuomba apande bila kufanya kelele: kila mara kiatu kinagonga ukuta, anarudia chini na kuanza upya. Ao anamupa mipira miwili midogo ya tenisi, moja kila mukono, apande akiwa nayo. Sasa mikono haiwezi kushika, inaweza kusukuma tu na kujisawazisha, na miguu inalazimika kufanya kazi. Watoto wanacheka, lakini kisha majuma machache kupanda kwao kunabadilika. Muguu uko na nguvu mara mingi kuliko mukono. Mupandaji muzuri anasimama juu ya ukuta, haning'inie.

Halafu kuna kusoma njia. Unakuta watoto watano wamesimama chini, macho juu, wanapeleka mikono katika hewa kama watu wanaocheza muziki usiosikika. Wanafanya njia kwa kichwa mbele ya kuifanya kwa mwili: mukono wa kuume hapa, muguu pale, kisha kugeuka. Mwenye kusoma vibaya anafika katikati na mikono iliyopishana, hana pa kwenda.

Na kupumzika. Kati ya jaribio moja gumu na lingine, mutoto anakaa dakika tatu, ine, tano. Mwalimu anaangalia saa. Mutoto wa miaka kumi na mbili hasikii uchovu wa mishipa; anasikia hamu tu. Kwa hiyo mutu mukubwa njo anasikia kwa ajili yake.

Kumushikia mwenzako kamba

Katika kupanda na kamba, wako watu wawili, na wa chini ana kazi ya maana sawa na wa juu. Anayepanda amevaa mukanda wa kiuno na mapaja (wengi wanauita bodriye), na kamba imefungwa kwake kwa fundo linalofanana na tarakimu nane. Kamba inapita na kufika kwa mwenzake wa chini, ambaye ameipitisha ndani ya chombo kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye mukanda wake mwenyewe. Chombo kinabana kamba mwenzake akianguka, lakini kinaomba kitu kimoja: mukono mumoja usiachilie kamba hata sekunde. Hata kama mbu anauma, hata kama mutu anakuita.

Mbele ya muguu kutoka chini, wawili wanakaguana. Huyu anaangalia fundo la yule, yule anaangalia chombo na vifungo vya huyu, wanagusa kwa mukono, wanasema kwa sauti. Inafanywa kila mara, hata kama ni mara ya ishirini siku ile, hata kati ya wakubwa waliozoea miaka kumi. Fundo lililosahauliwa katikati ni kosa ambalo hata mabingwa wanaweza kulifanya. Kuzoea njo kunawafanya wasahau.

Mutoto hapewi kazi ya kushika kamba siku moja tu. Anaanza chini, mwenzake anatembea tu sakafuni na kuvuta kamba. Kisha anashika kamba ya mutu anayepanda, lakini nyuma yake kuko mutu wa pili anayeshika mwisho wa kamba ileile, ili kama wa kwanza akikosea kusitokee kifo. Nyuma ya majuma ao miezi, mwalimu anamupima na kumuruhusu. Federasio ya Ufaransa inatoa pasiporti za rangi mbalimbali kwa hatua hizi, ya kwanza ni nyeupe. Haipimi tu kama mutoto anafika juu. Inapima kama anajua kujifunga na kumuchunga mwenzake.

Waalimu wengi wanaona pale mutoto anabadilika. Kijana muchokozi, asiyesikia mutu, anapewa maisha ya rafiki yake katika mukono wa kuume, na ananyamaza. Haiko dawa ya kila kitu, na kuko watoto ambao inaomba kuwakatalia kamba mwaka wote. Lakini hakuna michezo mingi ambapo mutoto wa miaka kumi na ine anaaminiwa hivyo.

Kuko habari moja ya zamani inayofikia mpaka Kivu. Mufalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, ambaye jina lake lilipewa mwaka 1925 pori inayoitwa leo Virunga, alikuwa mupandaji wa kweli. Alipanda mawe ya Alpes miaka mingi. Tarehe 17 mwezi wa pili 1934 alienda kupanda peke yake kwenye mawe ya Marche-les-Dames, karibu na Namur. Walimukuta usiku chini ya mawe, amekufa. Alikuwa na miaka 58. Watu walitunga maneno mengi juu ya kile kifo, mpaka mwaka 2016 majani yenye damu yaliyookotwa pale zamani yalipopimwa na kuonyesha kama damu ilikuwa yake kweli. Hakukosa pesa, hakukosa uzoefu. Alikosa mutu wa pili.

Mufupa wa mutoto haujafunga

Kama kuko jambo moja ambalo muzazi na mwalimu wanapaswa kulijua mbele ya yote, ni hili la vidole.

Mifupa ya mutoto inarefuka kwenye sehemu ndogo laini karibu na viungo. Pale mufupa bado haujakuwa mufupa kamili, ni kama gegedu. Mutu akimaliza kukomaa, ile sehemu inageuka mufupa na kufunga. Kwa mutu mukubwa, kidole kikilazimishwa sana, kitu kinachokatika mara mingi ni mishipi midogo inayoshikilia kano. Kwa kijana wa miaka 13, 14, 15, ambaye anarefuka haraka, ile mishipi iko na nguvu kuliko sehemu laini ya mufupa. Kwa hiyo mufupa njo unapasuka, kwenye kiungo cha katikati cha kidole, sana sana kidole kirefu cha katikati.

Haitokei kwa ajali moja yenye kelele. Inakuja polepole, kwa kurudilia. Mutoto anasema kidole kinamuuma kidogo kwa juu, upande wa mugongo wa kile kiungo, akishika vishikio vidogo kwa kukunja vidole. Hakuna damu, mara ingine hakuna hata kuvimba kwingi. Mwalimu asiyejua anasema ni uvivu, amufunge bandeji aendelee. Mutoto mwenyewe anaficha, sababu mashindano iko juma lijalo. Na kama anaendelea hivyo, kidole kinaweza kubaki kimepinda ao kigumu maisha yote.

Waganga wa muchezo huu, kama vile Volker Schöffl wa Ujerumani aliyechunga ekipe ya inchi yake, wameandika juu ya vidole hivi miaka mingi, na shauri lao ni rahisi kusema: kijana anayekomaa, mwenye maumivu kwenye kiungo cha katikati cha kidole, aache kupanda mara moja na apigwe picha ya mufupa. Ikionekana mapema, kupumzika kunatosha mara mingi, lakini ni kupumzika kwa majuma mingi, haiko siku mbili. Kwetu, ambapo radiografi inaomba pesa na pengine safari, sehemu ya kwanza ya shauri haina bei: aache.

Kuko chombo kimoja ambacho vijana wanakipenda sana kwa sababu kinaonekana vizuri katika video. Ni ubao ulioinama wenye vijiti vya mbao, mutu anapanda kwa vidole tu, miguu inaning'inia, anaruka kutoka kijiti kimoja mpaka kingine. Wolfgang Güllich, Mujerumani, aliutengeneza mwaka 1988 huko Nürnberg ili azoeshe vidole vyake, na mwaka 1991 alipanda njia iliyokuwa kati ya ngumu zaidi za dunia wakati ule, Action Directe. Lakini Güllich alikuwa mutu mukubwa, mifupa imefunga. Walimu wengi wa Ulaya wanafuata onyo moja: mutu chini ya miaka 18 asiguse ubao ule, wala asining'inie kwa vidole na uzito umefungwa kiunoni. Kijana anayetengeneza ubao kama ule nyuma ya nyumba kwa kuiga simu, wazazi wakisifu nguvu yake, anajiharibu mbele ya macho yao.

Uzito, na ile sahani

Jambo la pili ambalo waganga wanapigania ni chakula. Katika kupanda, mutu anabeba mwili wake mwenyewe, kwa hiyo ni rahisi mutu aseme: ukipunguza kilo mbili utapanda vizuri. Na ni kweli kwa majuma machache, pale njo mutego uko. Kisha mwili ambao haupate chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya unaanza kujikata wenyewe. Msichana anakosa siku zake za mwezi, mifupa inakuwa zaifu, kijana anaacha kurefuka, anagonjwa kila mara, analia bule.

Haya hayakuwa maneno ya pembeni. Mwaka 2023, waganga wawili wa tume ya afya ya federasio ya dunia, Schöffl na Eugen Burtscher, walijiondoa kwa sababu waliona federasio haichukui hatua za kutosha juu ya wapandaji wanaokonda kupita kiasi. Mwaka uliofuata federasio ilileta sheria: kila inchi inapaswa kupima afya ya wapandaji wake na kuhakikisha wako sawa mbele ya kuwapeleka kwenye mashindano. Janja Garnbret wa Slovenia, mushindi wa Tokyo na wa Paris, alisema wazi kama hataki kuona watoto wa kesho wakikaa na njaa kwa ajili ya medali.

Kwa watu wa mashariki ya Kongo hii habari inasikika namna ingine. Kule wanabishana juu ya mutoto anayekataa sahani. Hapa kuko watoto wanaokula mara moja kwa siku bila kupenda. Mutoto asiyekula hana cha kujengea mishipa, hana cha kuponyesha kidole. Programu ya michezo inayoanza mazoezi saa tisa mchana kwa watoto waliotoka shule bila kitu tumboni inapaswa kuanza na uji, ao kupunguza mazoezi. Kumusifu mutoto kama huyo kwa wepesi wake ni haya.

Afrika inafika kwa mulango gani

Katika Paris 2024, Afrika ilikuwa na wapandaji wane, na wote walitoka Afrika ya Kusini: Lauren Mukheibir na Mel Janse van Rensburg, na kwa mbio Joshua Bruyns na Aniya Holder. Walipata nafasi katika mashindano ya bara yaliyofanyika Pretoria mwishoni mwa 2023. Kwa Tokyo pia walikuwa wa kule, Erin Sterkenburg na Christopher Cosser, waliopita katika mashindano ya Cape Town mwaka 2020. Sio kama Waafrika wengine hawana mikono. Afrika ya Kusini iko na kuta ndani ya miji, mawe mengi ya kupanda, na federasio inayopanga mashindano ya vijana kila mwaka. Mutoto anaanza na miaka tisa, na akifika kumi na tisa amekwisha kusimama mbele ya waamuzi mara mingi.

Karibu na kwetu, Kenya iko na desturi ya zamani. Kilabu ya milima ya kule, Mountain Club of Kenya, ilianza 1949, na katika pori ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuko nguzo ya jiwe inayoitwa Fischer's Tower, yenye urefu wa metre 25 hivi, ambapo hata wanaoanza wanapandishwa na viongozi. Malawi iko na kikundi kinaitwa Climb Malawi kinachofundisha vijana wa kule. Kuko pia kijana aliyekomalia kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi: Oriane Bertone, aliyezaliwa 2005. Anapandia Ufaransa, na na miaka 16 alikuwa wa pili katika shindano lake la kwanza la Kombe la Dunia, huko Meiringen, Uswisi, mwaka 2021.

Kwetu: ni nini inawezekana, ni nini ni kifo

Kamba njo inatenganisha mambo. Kamba ya kufunga muzigo juu ya lori, hata ikiwa nene kama mukono, haiko kamba ya kupanda. Kamba ya kupanda inarefuka kidogo mutu akianguka, kama mupira, na kumeza ule mushindo. Ile ya lori hairefuke: mutu akianguka metre mbili tatu, kamba inasimama mara moja na mwili wake njo unameza mushindo wote. Mugongo unaweza kuvunjika hata kama kamba haikukatika. Tena kamba ya kupanda yenyewe inazeeka. Jua inaikula, asidi ya batri inaikula bila kuacha alama, na ikisugua kwenye ncha ya jiwe kali, kama mawe ya lava ya Goma, inaweza kukatika. Kamba iliyotumiwa ambayo hujui ilipita wapi, usiifunge mutoto.

Mawe ya machimbo nayo ni hatari ingine. Jiwe lililopasuliwa kwa nyundo ao baruti linasimama tu kwa kuegemea, na kishikio kinatoka na mutu. Na milima mingi yenye mawe mazuri haifikiki leo juu ya usalama. Kupeleka kikundi cha vijana kule na kamba na mifuko ni kutafuta maulizo ya watu wenye silaha.

Ile inayowezekana iko chini na inaonekana ndogo. Ukuta wa mbao ao wa matofali katika kiwanja cha shule, vishikio vya mbao ngumu vilivyopigwa musasa na seremala wa kata na kufungwa kwa skrubu kali, na watoto wanapanda kwenda pembeni badala ya kwenda juu. Miguu haipite kiuno cha mutu mukubwa. Chini kunawekwa muchanga mulaini ao matela, na kila asubui mutu anapita kukaza skrubu. Vilabu vya Ulaya vyenyewe vinawazoesha wadogo kwenye kuta za chini kama hizi, na kila kitu kilichosemwa juu, miguu bila kelele, mipira katika mikono, kusoma njia, kuanguka vizuri, kinafundishwa pale bila dola ya kamba.

Na kama siku moja mutu anakuja katika kata na projet ya kamba na ukuta murefu, picha nzuri na tishati za ekipe, wazazi wako na haki ya kumuuliza mambo machache mbele ya kutia sahihi. Nani alimufundisha kushika kamba, na wapi? Kamba zilinunuliwa mwaka gani, na kuko daftari inayoandika kila siku zilitumiwa? Watoto wangapi kwa mwalimu mumoja? Mutoto akiumia, nani anamupeleka hospitali, na kwa pesa ya nani? Alikwisha kumukatalia mutoto asipande, na kwa sababu gani? Asipopata jibu kwa lile la mwisho, mutoto abaki kwenye ukuta wa chini.